Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Mapenzi ya Zama za Kati: Mjane Mwenye Msimamo na Mgeni Asiyekumbuka Jina Lake

Hadithi ya mjane anayemwokota mgeni aliyepoteza kumbukumbu mara nyingi hufa ikiwa changa. Mwandishi anautegemea usahaulifu peke yake, na msomaji anajua tangu mwanzo kwamba siku moja mgeni atakumbuka, kwa hiyo anasubiri siku hiyo huku sehemu zinazotangulia zikimpita tu. Kinachoweza kuibeba hadithi hii ni sheria ya ndoa ya wakati huo. Mjane wa Uingereza ya karne ya 13 alikuwa na uhuru ambao angeupoteza siku ya kuolewa tena. Na mwanamume asiyejua jina lake hajui pia kama ana mke. Jenga kufuli hiyo kwanza. Mapenzi yakiingia baadaye yatakuwa na kitu cha kugonga.

Mwongozo huu unajenga riwaya ya sehemu 20, kila moja maneno 1,200 hadi 1,500, urefu unaofaa kusomwa kwenye simu.

Hatua ya 1: Chagua tarehe

"Hapo kale katika ufalme wa mbali" haitoshi. Ukiwa na tarehe utakuwa na msimu, vita, sikukuu na sheria, na kila kimoja kitakufanyia kazi. Hapa tunatumia Jumanne, tarehe 4 Agosti 1265, vita vya Evesham. Siku hiyo Simon de Montfort, aliyekuwa ameishika serikali ya Mfalme Henry III tangu ushindi wake wa Lewes mwezi Mei 1264, aliuawa na jeshi la Edward, mwana wa mfalme.

Evesham umekaa ndani ya kona ya Mto Avon, maji pande tatu. Mvua ya radi ilinyesha wakati wa mapigano. Kwa desturi, mpiganaji wa farasi mwenye cheo alitekwa na kukombolewa kwa fedha. Pale wengi waliuawa papo hapo. Aliyeshindwa kupenya hakuwa na njia ila mto, na mto unateremka kuelekea Pershore. Mweke mjane wako katika kijiji kati ya miji hiyo miwili, na mwili wa mgeni utafika kwake bila wewe kulazimisha bahati.

Agosti ni mavuno. Kila mwenye mikono yuko shambani tangu alfajiri, kwa hiyo wanaomkuta ni wavunaji, asubuhi ya tarehe 5. Hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Oswald. Wampe jina hilo. Ni jina la Kiingereza cha zamani, wakati watu wa tabaka la juu walipenda majina yaliyoletwa na Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, kama Hugh au Roger. Jina tu linamshusha daraja, na hilo litakufaa sehemu za mbele.

Hatua ya 2: Andika hesabu za mjane kabla ya sura yake

Msimamo wa mwanamke huyu usitoke kwenye kufoka. Utoke kwenye anachokilinda, kwa tarakimu. Tumwite Bibi Juliana. Mumewe alikufa 1262 akiacha ardhi yenye mapato ya pauni 30 kwa mwaka na mtoto wa kiume wa miaka 6. Mjane alistahili theluthi ya ardhi ya mumewe kwa muda wa maisha yake, yaani pauni 10. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, shilingi moja peni 12. Ziweke karatasini: shilingi 200, peni 2,400. Kila anapoajiri mvunaji au kununua chumvi, toa humo.

Magna Carta, hati ya haki ya 1215 iliyotolewa upya 1225, ilimpa vitu viwili utakavyovitumia. Kwanza, alikuwa na haki ya kubaki nyumbani kwa mumewe siku 40, na ndani ya siku hizo akatiwe fungu lake. Usiziite siku hizo eda. Eda inahusu lini mwanamke aruhusiwe kuolewa. Hizi 40 zinahusu paa na ardhi, na msomaji wa pwani ataona tofauti mara moja. Pili, hakuna mjane aliyelazimishwa kuolewa iwapo alitaka kuishi bila mume, ila alitoa dhamana kwamba hataolewa bila ridhaa ya bwana anayeshikilia ardhi kutoka kwake.

Haki hiyo haikuwa ya bure zamani. Mwaka 1212 Hawise, bibi mkubwa wa Aumale aliyekwisha kufiwa na waume watatu, aliahidi kumlipa Mfalme John marki 5,000 ili apate mali yake na asiozwe tena. Marki moja ilikuwa theluthi mbili za pauni. Juliana awe amesikia habari za wanawake wa namna hiyo kwa bibi yake.

Sasa mpinzani. Mrithi akiwa mtoto na ardhi yake ni ya utumishi wa kivita, bwana wa juu humchukua chini ya ulezi pamoja na theluthi mbili za ardhi mpaka afike miaka 21. Mlezi huyo anatamani na ile theluthi ya tatu. Hawezi kumlazimisha Juliana aolewe na mpwa wake, lakini yeye ndiye mwenye kutoa ridhaa akitaka kuolewa na mwingine. Huna haja ya kumpa kovu wala kicheko kibaya. Mpe haki yake ya kisheria, na aitumie kwa upole.

Hapa ndipo waandishi wengi hukosea: wanamfanya mjane mkaidi halafu mapenzi "yamlainishe". Juliana akiolewa, mume atashika theluthi yake muda wote wa ndoa, na yeye hataweza kushtaki mtu barazani bila mumewe. Anapokataa kuolewa anafanya hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Lazima mwishoni iwe bado sahihi, naye achague akiijua.

Hatua ya 3: Pima usahaulifu

Pigo la kichwa hufuta zaidi saa na siku zilizo karibu na pigo. Mtu hupoteza mambo mapya kabla ya ya zamani, na siku za kwanza hushindwa pia kushika mapya: anauliza jambo lile lile mara nne. Kusahau jina na maisha yote ni nadra, na zaidi huambatana na mshtuko wa kiakili kuliko jeraha lenyewe. Mpe vyote viwili, jeraha na jambo aliloliona Evesham asiloweza kulibeba.

Usifute kila kitu. Lugha hubaki. Mikono hubaki. Akizinduka, neno la kwanza liwe Kifaransa, lugha ya tabaka la juu, na wavunaji wanaozungumza Kiingereza watazamane. Mpe upanga asijue aliujifunzia wapi, lakini kiganja kikae mahali pake. Wenye kupora maiti wamemvua kila kitu ila shati. Acha Juliana aliguse, aone kitani ni laini kuliko cha mkulima, na anyamaze.

Mtawa wa Pershore anayemtibu atakuwa na maelezo yake. Elimu ya wakati huo iliigawa akili katika vyumba vitatu vya ubongo: mbele taswira, katikati fikra, nyuma kumbukumbu. Jeraha liwe kisogoni, na mtawa atasema kwa uhakika kamili kwamba chumba cha tatu kimepigwa. Amini naye ukiwa unaandika.

Jambo moja la kukataa kabisa: pigo la pili linalorudisha kumbukumbu. Pigo la pili huongeza madhara.

Hatua ya 4: Mpe sababu halali ya kubaki

Amri ya Clarendon ya 1166 ilikataza kumlaza mtu asiyejulikana popote isipokuwa mjini, na huko usiku mmoja tu, ila yeye au farasi wake akiugua kiasi cha kuonekana. Ugonjwa wa Oswald ni ruhusa yake. Kadiri anavyopona ndivyo ruhusa inavyokwisha, kwa hiyo kila bakuli la mchuzi ambalo Juliana anampa linamsogeza karibu na mlango wa kutokea. Hapa tayari una mvutano wa sehemu nne bila upanga hata mmoja.

Baada ya hapo kuna kundi la kumi. Kila mwanamume wa kawaida aliyezidi miaka 12 aliwekwa katika kundi la watu waliodhaminiana. Mmoja akikosa, wote walitozwa. Ukaguzi mmoja ulifanyika karibu na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba, wiki nane baada ya vita. Waungwana wa kivita na makasisi hawakuingizwa. Oswald akiingia, amekubali kuwa mtu wa chini. Asipoingia, anadai cheo asichoweza kukithibitisha, na cheo hicho mwaka huo kinaweza kumaanisha adui wa mfalme. Mlezi atajua namna ya kulisema hilo mbele ya watu.

Hatua ya 5: Mapenzi yapite kwenye kazi

Nyumba ya bwana mdogo wa ardhi ilikuwa ukumbi mmoja mkubwa, moto katikati, moshi ukitokea darini, na watumishi wakilala humo humo. Faragha hakuna. Waweke wawili hawa ghalani wakihesabu magunia, au mezani siku ya hesabu, yeye akisoma alama zilizokatwa kwenye kijiti cha deni na Oswald akigundua kosa la msimamizi wa shamba. Robert Grosseteste, askofu wa Lincoln, aliwahi kumwandikia mjane, bibi mkubwa wa Lincoln, kanuni za kusimamia ardhi na nyumba yake. Kazi hii ilikuwa elimu ya heshima, na mwanamke aliyeijua alipendeza kwa sababu aliijua.

Wasitamkiane chochote kabla Oswald hajaweza kuondoka kwa miguu yake. Anakula chakula cha Juliana na kulala chini ya paa lake. Akisema "nakupenda" akiwa kitandani, msomaji hatajua kama ni upendo au woga wa njaa. Mwandikie sehemu nzima, ya 9 au ya 10, ambamo anaweza kwenda zake, farasi yuko tayari, naye anarudi.

Hatua ya 6: Kila kipande kinachorudi kifunge mlango

Rudisha kumbukumbu mara tatu: sehemu ya 5, ya 9 na ya 13. Kanuni ni moja: kila kipande kiongeze shaka kuhusu uhuru wake wa kuoa. Cha kwanza, harufu ya zizi na sauti ya mwanamke ikimwita Hugh. Cha pili, mkono wa mwanamke ndani ya wake, mbele ya watu. Cha tatu, maneno waliyoambiana.

Usitumie alama ya pete kidoleni kama ushahidi. Katika ndoa ya Uingereza ya wakati huo pete alivishwa bibi harusi. Mwanamume mwenye pete huenda aliivaa kwa muhuri au pambo.

Kile cha tatu ndicho kiini cha riwaya, na Kiswahili kinakibeba vizuri ajabu. Tangu Papa Alexander III, karne ya 12, kanisa liliihesabu ndoa kuwa imefungwa kwa maneno ya wakati uliopo, hata bila kasisi. Maneno ya wakati ujao yalikuwa uchumba, nao ungeweza kuvunjwa maadamu wawili hao hawakulala pamoja. "Ninakupokea" ni ndoa. "Nitakupokea" ni ahadi. Mwanamume anayekumbuka uso wa mwanamke, mvua na sauti yake mwenyewe, lakini hakumbuki kama alisema *na* au *ta*, hawezi kumwoa Juliana. Akimwoa naye ana mke aliye hai, ndoa ya pili ni batili.

Kwa hiyo atafutwe shahidi. Sehemu za 15 hadi 17 ni safari ya kumtafuta mtu aliyesikia. Neno likiwa *ta*, na mwanamke yule amekwisha kufunga ndoa na mwingine, mlango unafunguka bila kumuua mtu asiye na kosa ili tu wapenzi wetu wapate njia.

Angalia pia vitenzi vyenu. Kwetu mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa. Kwenye kiapo cha wakati ule wote wawili walitamka tendo lile lile. Mpe Juliana "ninakupokea uwe mume wangu," si "nakubali kuolewa nawe."

Hatua ya 7: Safisha mazingira

Ondoa mahindi, viazi, nyanya, pilipili kali na maharagwe ya kwetu. Vyote vilitoka Amerika baadaye. Hakuna chai wala kahawa. Kuna mkate, uji wa shayiri, njegere, kabichi, vitunguu, jibini, samaki wa chumvi na pombe ya nafaka.

Saa ni zawadi kwako. Kengele za monasteri zilihesabu kutoka macheo: saa ya tatu, ya sita, ya tisa. Andika "saa tatu asubuhi" na umeandika sawasawa, jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza hulazimika kulieleza.

Hatua ya 8: Pangia harusi kalenda

Kanisa halikuruhusu harusi kutoka Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, mpaka siku ya nane ya Epifania, yaani 13 Januari, wala kutoka Jumapili ya tatu kabla ya Kwaresima mpaka siku ya nane ya Pasaka. Majilio ya 1265 yalianza 29 Novemba. Nafasi iliyofuata ilikuwa 14 hadi 23 Januari 1266, siku kumi tu. Mpe mlezi siku hizo kumi ashinikize harusi ya mpwa wake, na Juliana asimame imara mpaka zipite.

Hugh, yaani Oswald wetu, alipigana upande wa de Montfort, na ardhi yake ya pauni 12 kwa mwaka amepewa mfuasi wa mfalme. Tamko la Kenilworth la 31 Oktoba 1266 liliwaruhusu walionyang'anywa kukomboa ardhi, wengi wao kwa mapato ya miaka 5. Kwake hiyo ni pauni 60. Kenilworth hadi kijijini ni safari ya farasi ya siku moja au mbili. Majilio ya mwaka huo yalianza 28 Novemba. Matangazo ya ndoa yasomwe Jumapili za 7, 14 na 21, na ridhaa ya bwana iwe imenunuliwa katikati. Zinabaki siku sita, 22 hadi 27 Novemba.

Harusi ilianzia mlangoni mwa kanisa. Hapo bwana harusi alitaja mbele ya watu fungu atakalomwachia mkewe akifa, na Hugh bado hana ardhi mkononi. Kasisi anauliza. Watu wa kijiji wanasikiliza, mlezi akiwa miongoni mwao. Juliana anajua hesabu kuliko wote waliosimama pale. Jibu la Hugh liandike kabla hujaandika sehemu ya kwanza, na liwe mstari wa mwisho wa kitabu.