Weka @Override hata kama programu inafanya kazi bila hiyo

Wa Java, kila ukiandika upya methodi uliyorithi kutoka klasi mzazi weka @Override juu yake (alama ya kuiambia kompaila, programu inayotafsiri na kukagua kodi yako, kwamba hapa unabadilisha methodi ya mzazi), usiseme si inafanya kazi tu. Juzi nimekaa karibu masaa 2 natafuta kwa nini orodha.contains(mteja) inanirudishia false na mteja namuona yumo kabisa, kumbe methodi ya kulinganisha niliiandika equals(Mteja m) wakati ile ya mzazi ni equals(Object o), yaani hapo sijabadilisha kitu, nimeongeza methodi nyingine yenye jina lilelile na ArrayList, ndiyo aina ya hiyo orodha, inaendelea kuita ile ya zamani ambayo inaangalia tu kama ni objekti ileile moja. Ukiweka @Override kompaila inalinganisha jina na parameta na za mzazi, zisipoendana inagoma palepale, hata ukikosea herufi moja tu kama tostring badala ya toString. Na siku mtu akibadilisha jina la methodi kule kwa mzazi utajua mapema.

Ila haikagui ulichoandika ndani. Ukisahau kuita super (yaani methodi ya mzazi) pale inapotakiwa itanyamaza, ukiandika equals ukaacha hashCode (methodi inayotoa namba ya kutafutia objekti) pia itanyamaza, halafu HashSet, mkusanyiko usiotakiwa kuwa na marudio, inaanza kukuwekea mteja mmoja mara mbili. Wa Python, @override ipo kwenye moduli ya typing tangu 3.12 ya 2023, lakini programu ikiwaka yenyewe haizuii kitu, mpaka uipitishe kwenye zana za kukagua kodi kama mypy au Pyright.