Ukienda Suzuka kutazama magari, beba nguo za baridi

Picha za sakura, yale maua ya miti ya Japani, zisikudanganye. Tangu 2024 mbio za Formula 1 za Japani zimetolewa msimu wa vuli zikaletwa majira ya machipuko, na Suzuka, mji wenye uwanja wa mbio hizo, wakati huo una baridi ya kweli. Alfajiri ni nyuzi 7 au 8 hivi. Mchana jua likiwaka, 15 hadi 18. Kwa aliyezoea joto la Dar au Mombasa hiyo ni baridi ya kutetemesha, maana unakaa kitako jukwaani saa nyingi huku upepo ukikupiga.

Koti moja zito halifai. Vaa fulana inayobana mwili, juu yake sweta, kisha jaketi lisilopitisha upepo. Saa sita ukisikia joto unavua moja, jioni unairudisha. Nunua pia kairo, vile vipakiti vya kutia joto vinavyouzwa madukani huko Japani. Bandika kimoja kiunoni juu ya fulana, kamwe si kwenye ngozi, kinaunguza.

Mvua? Koti la plastiki lenye kofia, pana la kuvalika juu ya jaketi. Mwavuli usiufungue jukwaani, tafadhali. Unamziba aliye nyuma yako naye kalipia kiti chake.

Miguuni, raba ulizokwisha kuzizoea. Uwanja una vilima, na kutoka stesheni ya Suzuka Circuit Ino unatembea kama dakika 20. Soksi za akiba zifunge kwenye mfuko wa nailoni.