Namna ya Kusoma Ombi la Kubadilisha Bei ya Umeme Kabla ya Kwenda Kwenye Taftishi

Shirika la umeme linapoomba kubadilisha bei zake nchini Tanzania, EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hulazimika kuita mkutano wa taftishi ili wananchi na wadau watoe maoni kabla ya uamuzi. Magazeti siku hiyo hubeba asilimia ya ongezeko, na wengi huingia ukumbini wakiwa na asilimia hiyo peke yake kichwani. Mimi ningeshauri asilimia isomwe mwisho, kwa sababu ni matokeo tu ya hesabu iliyofanyika kurasa nyingi nyuma yake.

Anza na risiti yako ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Chukua mteja wa kundi la T1, yaani wa matumizi ya kawaida, aliyenunua umeme wa shilingi 10,000 kwa bei iliyopangwa mwaka 2016, yaani shilingi 292 kwa uniti, na tuseme hakukatwa kodi ya jengo siku hiyo. Gharama ya umeme wenyewe itasomeka shilingi 8,196.72, VAT ya asilimia 18 ni 1,475.41, tozo ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) ya asilimia 3 ni 245.90 na ya EWURA ya asilimia 1 ni 81.97. Anabaki na uniti 28 hivi. Mzozo wa taftishi unahusu ile 292 tu. Ukitumia dakika zako kulalamikia VAT, utakuwa umepeleka kesi ya Bunge mahali pasipo na Bunge.

Hatua inayofuata ni kutafuta katika ombi jedwali la mapato yanayohitajika. Humo utakuta gharama za kuzalisha na kununua umeme, gharama za uendeshaji, na gharama za mtaji, ambazo ni uchakavu wa mitambo pamoja na riba au faida. Jumla yake hugawanywa kwa uniti zitakazouzwa, wala si zitakazozalishwa, na hapo ndipo upotevu unapoingia mfukoni mwako. Tuseme kuzalisha na kusafirisha uniti 100 kunagharimu shilingi 20,000. Zikipotea uniti 10 njiani, kila iliyouzwa itabeba shilingi 222. Zikipotea 20, itabeba shilingi 250. Kwa hiyo uliza ni kiwango gani cha upotevu kimewekwa kwenye hesabu, na ni kiasi gani kinatokana na nyaya na transfoma zilizochoka, na kiasi gani ni kazi ya vishoka, yaani mafundi wasio rasmi, na waliojiunganishia umeme. Sheria ya Umeme ya 2008 inataka mteja abebe gharama za uendeshaji wenye ufanisi, hivyo uzembe si gharama halali.

Mikataba ya kuuziana umeme inahitaji muda wako mwingi kuliko kitu kingine chochote. Mingi ina malipo ya aina mbili: ya uniti zilizopokelewa, na ya uwezo wa mtambo, ambayo hulipwa kila mwezi mradi mtambo uko tayari, hata kama haukuwashwa. Mwekezaji hudai malipo haya ili benki imkopeshe, na kudai hivyo si kosa. Kosa ni kukubali kiwango kilichojengwa juu ya gharama ya ujenzi ambayo hakuna aliyeihakiki. Mkataba wa IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, wa mwaka 1995, kwa mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, uliingia kwenye usuluhishi wa kimataifa kwa sababu ya gharama hiyohiyo, mtambo ukaanza kuzalisha mwaka 2002, na ugomvi wa malipo ukaendelea hadi kuzaa sakata la akaunti ya Escrow, iliyotunza fedha zilizobishaniwa, mwaka 2014. Angalia pia sarafu: mteja hulipa kwa shilingi, ilhali malipo mengi ya mitambo binafsi na ya gesi hukokotolewa kwa dola. Shilingi ikishuka, nani anabeba tofauti? Kama ombi halijibu, liulizwe.

Kwa upande wa gesi inayoendesha mitambo ya umeme, fikiria basi la abiria 60 linalosafiri na abiria kumi: mafuta na dereva ni vilevile, lakini nauli ya kila mmoja inapanda. Bomba la inchi 36 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa Oktoba 2015 na kujengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, lilianza kwa kupitisha gesi kidogo sana likilinganishwa na uwezo wake, huku mkopo ukiendelea kudaiwa. Sasa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mapema mwaka 2024, linaweza kupunguza matumizi ya gesi kwenye mitambo ya Kinyerezi na Ubungo mvua zinapokuwa nyingi, ingawa ukame ukija tutaililia gesi hiyohiyo. Uliza gharama za bomba zimegawanywa kwa makadirio gani ya gesi, katika mwaka wa mvua na wa kiangazi. Na kwa kuwa bwawa limejengwa kwa fedha za Serikali, uliza iwapo ombi linamtoza mteja faida juu ya mtaji ambao ameshauchangia kupitia kodi.

Usisahau kwamba hesabu nzuri inaweza kukwama. Mwaka 2016 TANESCO, shirika la umeme la Taifa, iliomba ongezeko la asilimia 18.19, EWURA ikaridhia 8.5, na Serikali ikalisitisha kabla halijaanza kutumika tarehe 1 Januari 2017. Wateja tulishangilia, nami nikiwemo. Lakini pengo la fedha haliondoki kwa tamko: hugeuka kuwa deni kwa wauza gesi na wauza umeme, na transfoma iliyoungua hukaa muda mrefu bila kubadilishwa.

Andika maoni yako kwa kurasa mbili, kila hoja ikitaja ukurasa na jedwali la ombi, kwa kuwa muda wa kuzungumza ukumbini huwa mfupi. Peleka nakala kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, ambalo hupinga au kuunga mkono maombi kwa niaba ya wateja. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na itunzwe vizuri, maana asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Baraza la Ushindani, na huko kumbukumbu ya maandishi huwa na uzito kuliko kelele za ukumbini.