Mambo ya Kuzingatia Kabla Waifai ya Nyumbani Haijaleta Matatizo

Nyumba yenye kompyuta tatu au nne zinazotumia waifai moja ina faida ambayo mwenye kompyuta moja hana, kwani hitilafu ikitokea, mashine moja inaweza kulinganishwa na nyingine. Faida hiyo hupotea pale kila mtu anapokimbilia kuzima na kuwasha ruta, yaani kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, kabla ya kutazama lolote. Ruta ikishazimwa, dalili nazo huondoka, na tatizo likirudi kesho yake katikati ya mkutano hakuna anayejua lilianzia wapi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kutafuta hitilafu hufanywa mtandao ukiwa bado mzima.

Jambo la kutangulia ni kumbukumbu za maandishi, nazo ziwe kwenye karatasi, kwa sababu zikihifadhiwa mtandaoni hazitasomeka siku zitakapohitajika. Wenye nyumba wengi wanaijua nywila ya waifai na hawajui kingine. Inafaa pia kuandika namba ya mteja, anwani ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, ambayo mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, nywila ya mipangilio hiyo, na jina la mtumiaji pamoja na nywila ambavyo baadhi ya watoa huduma huviingiza ndani ya ruta siku ya kufunga laini. Hivi viwili vya mwisho ndivyo vinavyoleta majuto. Kile kitufe kilichojificha ndani ya kitundu, kinachobonyezwa kwa sindano, hakiwashi ruta upya tu. Hufuta mipangilio yote na kuirudisha ilivyotoka kiwandani, na asiye na taarifa zile atakaa bila intaneti hadi fundi apatikane. Kitufe hicho kisiguswe kabla karatasi haijakamilika.

Kisha ijulikane hali ya kawaida ya mtandao ikoje. Piga picha ya taa za ruta na za kisanduku cha faiba, kile kinachopokea waya wa mwanga unaotoka kwa mtoa huduma, wakati kila kitu kinafanya kazi, kwa kuwa ni vigumu kukumbuka kama taa fulani huwaka daima au humetameta. Pima kasi kwenye vyumba ambavyo kompyuta hutumika kweli, asubuhi na usiku, uandike matokeo. Hapa pana kosa la hesabu linalozua ugomvi usio wa lazima na watoa huduma: kifurushi huuzwa kwa megabiti, ilhali programu nyingi za kupakua huonyesha megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Kwa hiyo anayelipia megabiti 20 kwa sekunde na kuona faili likishuka kwa megabaiti 2.5 anapata haki yake yote.

Kifaa kimoja cha kununua mapema ni kebo ya mtandao ya mita chache, na kwa kompyuta mpakato nyembamba zisizo na tundu lake, kiunganishi kidogo cha USB. Kebo hiyo ina thamani kuliko programu yoyote ya uchunguzi, kwa sababu hujibu swali moja kubwa: je, tatizo liko hewani kati ya kompyuta na ruta, au liko kwenye ruta na laini inayotoka nje? Kompyuta iliyochomekwa kwa kebo ikienda vizuri wakati waifai inasuasua, hakuna sababu ya kumpigia mtoa huduma. Ikisuasua vilevile, kuhamisha ruta au kununua antena kubwa ni kupoteza fedha.

Ulinganisho kati ya kompyuta nao una utaratibu wake. Iliyokwama ikiwa moja tu, chunguza hiyo na uiache ruta. Kwenye Windows, amri ya ipconfig huonyesha anwani, yaani namba ya utambulisho ambayo kompyuta imepewa kwenye mtandao. Ikianza kwa 169.254, maana yake kompyuta haikupata anwani kutoka kwenye ruta ikajipa yenyewe, na mara nyingi hutosha kuisahaulisha waifai hiyo na kuiunganisha upya. Anwani ikiwa sahihi, tumia amri ya ping, inayotuma ujumbe mfupi na kungoja jibu, kuijaribu ruta, kisha 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google iliyoko nje kwenye intaneti, kisha jina la tovuti. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, huenda laini ya nje ndiyo yenye kasoro. Namba ikijibu na jina lisijibu, huenda hitilafu iko kwenye huduma ya DNS, ambayo kazi yake ni kugeuza majina kuwa namba. Tazama pia tarehe ya kompyuta. Mashine yenye betri ya ndani iliyochoka hurudi nyuma miaka kadhaa kila inapozimwa, na tovuti salama huikataa hata kama mtandao hauna kasoro yoyote.

Kuhusu hewani, nyumba zetu zina mambo yake. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini hudhoofika haraka yakikutana na zege lenye nondo au kuta nene za mawe ya matumbawe kama zile za Mji Mkongwe na Lamu. Ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila yamejaa waifai za majirani, na jiko la maikrowevu linapowashwa huyavuruga. Katika ghorofa lenye familia nyingi, chagua chaneli 1, 6 au 11 kwenye gigahezi 2.4, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani. Ruta ikae juu na katikati ya nyumba, mbali na friji na kabati la chuma, hata kama sebule itapungua uzuri kidogo.

Tahadhari kubwa kuliko zote inahusu ruta ya pili. Mtu huichukua ile ya zamani, akaichomeka chumba cha nyuma ili waifai ifike, na ruta zote mbili zikaanza kugawa anwani kwenye mtandao uleule. Matokeo yake huwachanganya hata mafundi: kompyuta ya mama inafanya kazi, ya mtoto haifanyi, na baada ya saa moja mambo yanageuka. Kabla ya kuiunganisha, zima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani, kwenye ruta ya pili, ipe anwani tofauti na ile ya kwanza, na kebo inayotoka ruta ya kwanza ichomekwe kwenye tundu lake la kawaida, lile la kuunganishia kompyuta, badala ya tundu la intaneti.

Si kila ukawivu ni hitilafu. Kompyuta moja inayopandisha picha zake zote kwenye hifadhi ya mtandaoni inaweza kuzikwamisha nyingine zote, kwa hiyo ulizaneni kwanza nani anafanya nini. Masasisho ya Windows yapangiwe saa ambazo watu hawatumii kompyuta.

Umeme nao uzingatiwe. Ukikatika na kurudi kwa kishindo huua ruta nyingi, na betri ndogo ya akiba hulinda na pia huendeleza huduma, kwa kuwa waya wa faiba wenyewe hauhitaji umeme njiani. Hakikisha volti zake zinalingana na zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta, kwani ruta nyingi hutumia volti 12 lakini zipo za volti 9, na ikumbukwe kwamba kisanduku cha faiba kikiwa peke yake nacho kinahitaji betri.

Kabla ya kumpigia mtoa huduma, uwe na majibu haya tayari: tatizo lilianza saa ngapi, ni kompyuta zote au moja, kwa kebo hali ikoje, na taa zinaonyeshaje zikilinganishwa na picha uliyopiga. Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, ishara ya mwanga haifiki, na hakuna mpangilio wa ndani utakaoirudisha. Itaje taa hiyo mapema kwenye simu, wala usichomoe ule waya mwembamba wa faiba kuufuta kwa kidole, maana vumbi na mafuta ya ngozi kwenye ncha yake hupunguza mwanga zaidi.