Somo: Kuuza simu au laptopu iliyotumika mtandaoni bila kulizwa

Wakuu, somo hili ni la muuzaji. Tumezoea kuonyana kuhusu kununua simu mbovu au ya wizi, lakini muuzaji naye analizwa, tena kirahisi, kwa sababu anadhani hatari yote iko kwa mwenye pesa. Shika kanuni hii: uthibitisho wa malipo unaoletwa na mnunuzi si uthibitisho. Meseji, picha ya skrini, barua pepe, hata "ofisa wa benki" anayekupigia, vyote hutengenezwa. Kinachohesabika ni salio uliloliona mwenyewe, kwa njia uliyoifungua mwenyewe.

Hatua ya 1: Andaa kifaa kabla ya kutangaza

Piga *#06# uandike IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ambayo ni tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili, andika zote. Kwa laptopu, tabuleti au mashine ya gemu, andika namba ya seriali. Piga picha za karibu za kila mkwaruzo, pembe na tundu la chaji, na skrini ikiwa imewaka. Mtu akija kukurudishia kifaa kingine kinachofanana na chako, mikwaruzo hiyo ndiyo itakayokutetea.

Kabla ya kufuta chochote, hamisha programu inayokupa namba za uthibitisho za akaunti zako. Wengi hukumbuka picha na majina ya watu, hii wanaisahau, kisha wanajikuta wamefungiwa nje ya barua pepe yao. Toa laini na memori kadi. Kama una eSIM, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu isiyo na kadi, ihamishie kwenye simu mpya.

Kwenye Android, ondoa akaunti ya Google ndipo ufute simu. Tangu Android 5.1 kuna ulinzi unaodai akaunti ya zamani ikiwa simu imefutwa kwa vitufe vya pembeni huku akaunti ikiwa bado ndani. Kwenye iPhone, toka kwenye akaunti ya Apple na uhakikishe Find My (huduma ya kuitafuta simu iliyopotea) imezimwa, kisha ingia Settings, General, Transfer or Reset iPhone, na uchague Erase All Content and Settings. Ukiruka hatua hii, jioni utapigiwa: "Simu imejifunga, nitajie paswedi yako." Usitaje. Ingia iCloud, huduma ya mtandaoni ya Apple, kwa kifaa kingine na uiondoe simu hiyo kwenye akaunti yako ukiwa hukohuko uliko. Paswedi haihitajiki kumfikia mnunuzi.

Laptopu ya Windows: chagua Reset this PC, halafu Remove everything, na kwenye mipangilio ya ziada uwashe Clean data. Kwenye diski ya kuzunguka kazi hii huweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo usiianze wakati mteja yuko njiani.

Ukishafuta, washa kifaa bila kuweka akaunti yoyote ili mnunuzi apate cha kujaribu.

Hatua ya 2: Tangazo

Taja kasoro zote, hasa hali ya betri na kama skrini imewahi kubadilishwa. Mnunuzi aliyeambiwa mapema hana pa kushikia anapotaka kurudisha. Usionyeshe IMEI wala namba ya seriali kwenye picha. Mwenye namba hizo anaweza kudai kifaa ni chake. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera, maana picha hubeba ndani yake vipimo vya ramani vya ulipopigia, yaani nyumbani kwako. Na katika picha moja, weka karatasi yenye tarehe na jina unalotumia kwenye tangazo ikiwa imegusana na kifaa. Sababu utaiona kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 3: Mazungumzo

Mnunuzi wa kweli anauliza kuhusu kifaa: betri inakaa muda gani, memori ni kiasi gani, mbona hapa pamekwaruzika. Tapeli hana haja na kifaa. Anakubali bei papo hapo, yuko safarini, atamtuma mtu kuchukua, na anakuharakisha.

Akikuambia "nakutumia namba ya tarakimu 6, nirudishie nijue wewe ni mtu halisi", hiyo ndiyo namba ya kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake. Akikutumia linki ya "kupokea malipo" inayodai namba ya kadi, zile tarakimu 3 za nyuma au namba yako ya siri, funga. Kupokea pesa hakuhitaji siri yoyote kutoka kwako.

Hatua ya 4: Malipo

Hapa ndipo wengi wanapoingizwa mkenge, kwa hiyo soma taratibu.

Meseji feki. Nyingine hutoka kwenye namba ya kawaida, hizo ni rahisi kuzitambua. Za hatari ni zile zilizofoji jina la mtumaji: simu yako inazipanga kwenye mfululizo mmoja na meseji halisi za huduma hiyo, na jicho linadanganyika. Usiisome meseji. Fungua menyu au programu ya benki, angalia salio, linganisha na salio uliloliandika kabla mteja hajafika.

Malipo ya ziada. Anadai ametuma zaidi kwa bahati mbaya na anaomba umrudishie chenji. Kilichoingia ama hakipo, ama ni hundi ambayo benki itaikataa siku kadhaa baadaye, ama kimetoka kwenye akaunti iliyoibwa na kitarudishwa. Chenji uliyotuma wewe ndiyo pesa pekee ya kweli katika biashara hiyo.

Malipo yanayorudi. Mwenye kadi anaweza kupinga malipo kwenye benki yake wiki nyingi baada ya kifaa kuondoka. PayPal inampa mnunuzi siku 180 za kufungua madai. Ukipokea kwa njia hizi, tuma kwa msafirishaji anayetoa namba ya kufuatilia, na upeleke kwenye anwani iliyo kwenye muamala, si nyingine atakayokutajia kwa meseji.

Utapeli wa pembetatu. Huu hauna pesa feki hata kidogo, ndiyo maana hunasa hata waangalifu. Tapeli ananakili picha zako na kutangaza simu ileile kwa bei ya chini. Kwako anajifanya mnunuzi. Kwa mtu wa tatu anajifanya muuzaji, na anampa namba yako alipie. Pesa halali inaingia, salio unaliona, tapeli anaondoka na simu. Yule aliyelipa hapati kitu, anakwenda polisi, na jina lililo kwenye muamala ni lako. Karatasi ya tarehe kwenye picha inamharibia kazi. La muhimu zaidi, alipie mbele yako, na jina la aliyetuma pesa lilingane na kitambulisho chake. Akisema kaka yake ndiye analipa, zungumza na huyo kaka: ananunua nini, kwa bei gani, tangazo aliliona wapi. Majibu yasipolingana, usikabidhi.

Noti taslimu: zipapase, zimulike kwenye mwanga uone alama ya maji na uzi wa usalama, moja moja. Kiasi kikubwa mkaweke benki pamoja.

Hatua ya 5: Makabidhiano

Mchana, ndani ya benki au jengo lenye kamera. Ajaribu kwa laini yake, mkiwa mmekaa, simu ikirudi mkononi mwako kila baada ya jaribio. Boksi na chaji toa mwisho. Akisema "naenda kuchukua pesa kwenye gari", simu ibaki kwako, na ukague tena IMEI akiwa ameishika kwa muda mrefu. Andikeni hati ya mauzo: tarehe, IMEI, bei kwa tarakimu na maneno, namba ya kitambulisho, sahihi mbili. Simu hiyo ikitumika kwenye uhalifu, karatasi hiyo inaonyesha iliondoka kwako lini.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, mimi nilishatuma ile namba ya tarakimu 6 na WhatsApp imeondoka. Kuna namna?

Jibu: Ipo. Sajili upya namba yako kwenye simu yako. Ukiingiza namba mpya ya uthibitisho, yeye anatolewa. Ikidai PIN usiyoijua, ameiweka yeye, na utasubiri siku 7 kabla ya kuingia bila PIN hiyo. Wakati huo waarifu watu wako wasitume pesa kwa jina lako. Ukirudi, weka PIN yako.

Swali: Mnunuzi anataka IMEI kabla hajaja, aangalie kama simu ni ya wizi. Nimkatalie?

Jibu: Ombi lake ni la haki. Mpe tarakimu 8 za mwanzo, zinatosha kumwonyesha ni modeli gani. Zilizobaki aone na kuzikagua mkikutana.

Swali: Nimetuma kwa kifurushi, sasa mteja anasema amekuta boksi tupu.

Jibu: Dada, uzito ulioandikwa kwenye risiti ya msafirishaji ndio wa kuanzia, boksi tupu halina uzito huo. Kwa safari ijayo rekodi video moja isiyokatwa: IMEI kwenye skrini, simu inaingia, gundi inafungwa, lebo inasomeka. Kifurushi kikirudishwa, kifungue pia huku ukirekodi, na usirudishe pesa kabla ya kusoma IMEI.

Nyongeza ya mwanachama ambaye ni fundi simu: IMEI peke yake haitoshi. Wapo wanaotoa skrini au betri nzima na kukurudishia simu yako yenye vipuri vibovu. Kwenye iPhone za karibuni, ukurasa wa About huonyesha historia ya vipuri vilivyobadilishwa. Upige picha kabla ya kuuza. Laptopu, pigia picha namba za seriali za diski na RAM.

Swali: Pesa imeingia kwangu kweli, mtu anapiga akidai amekosea namba. Nirudishe?

Jibu: Usimtumie kwa mkono wako. Piga huduma kwa wateja kwa namba yao rasmi, waeleze, wairudishe wenyewe kule ilikotoka. Ukimtumia wewe, naye pia akaomba muamala wa kwanza ubatilishwe, utakuwa umelipa mara mbili.