Namna ya Kuandaa Hadithi ya Katuni kwa Watoto Kuhusu Kambi za Wajapani Nchini Marekani

Kabla ya kuchora chochote, amua hadithi itaonekana kwa macho ya nani. Ninapendekeza mtoto wa miaka 8 au 9 aliyezaliwa Marekani, kwa kuwa takriban theluthi mbili ya watu wenye asili ya Kijapani wapatao 120,000 waliohamishwa kwa nguvu kutoka pwani ya magharibi na kufungwa kambini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikuwa raia wa kuzaliwa, ilhali wazazi waliohamia kutoka Japani walizuiwa na sheria kuomba uraia hadi 1952.

Agizo la Rais Roosevelt la tarehe 19 Februari 1942 lililoruhusu uhamisho huo, lililotolewa miezi miwili na nusu hivi baada ya Japani kushambulia kituo cha jeshi la Marekani cha Pearl Harbor, linatosha kisanduku kimoja. Ukurasa mzima uupe ufungaji wa mizigo: kila familia iliruhusiwa kuchukua kile tu ilichoweza kubeba, tena bila mbwa wala paka, na kila koti likaning'inizwa kipande cha karatasi chenye namba ya familia. Ukifika Santa Anita, California, kwenye uwanja wa mbio za farasi ambako watu waliwekwa kwa muda kabla ya kupelekwa kambini na kulazwa katika mabanda yaliyopakwa chokaa haraka haraka, kumbuka kwamba picha haina harufu. Basi mtoto na aulize farasi wamekwenda wapi, na mama azibe pua bila kujibu.

Chagua kambi moja kati ya zile 10 na ubaki nayo, kwa sababu vumbi la Manzanar, lililoko jangwani chini ya milima ya Sierra Nevada, halifai kuhamishiwa Rohwer, iliyokuwa kwenye vinamasi vya Arkansas.

Katika kutafuta picha za kuigiza, kuwa mwangalifu zaidi. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipiga picha Manzanar mwaka 1943 bila ruhusa ya kuonyesha minara ya ulinzi wala seng'enge, kwa hiyo anayezinakili zake peke yake atachora kijiji chenye watu wanaotabasamu. Zilinganishe na za Toyo Miyatake, mfungwa aliyeingiza lenzi kambini kwa siri akaiundia kamera ya mbao.

Msamaha wa serikali wa 1988, pamoja na fidia ya dola 20,000 kwa kila mhanga aliyekuwa hai, uuweke kwenye ukurasa wa nyongeza. Ukiuingiza ndani ya hadithi, utamfariji msomaji miaka zaidi ya arobaini kabla ya mhusika mwenyewe.