Somo: Kukusanya taarifa za vitisho vya mtandao mkiwa watu wawili tu idarani

Wakuu, somo hili ni kwa wale ambao idara nzima ya TEHAMA ni mtu mmoja au wawili, na bosi karudi semina anataka "ripoti ya vitisho" mezani kila Jumatatu. Chukulia SACCOS yenye matawi matatu: wanachama wanarejesha mikopo kwa simu, barua pepe ni za kukodi, na mfumo wa mikopo uko kwenye seva moja.

Wengi huanza kwa kupakua orodha za anwani mbaya za IP (namba zinazotambulisha kompyuta kwenye intaneti). Mwezi ukiisha wana mistari malaki na hakuna hata uamuzi mmoja uliotokana nayo. Taarifa ya kitisho ni ile inayomfanya mtu fulani azuie, abadilishe au asitishe kitu. Nyingine zote ni habari tu.

Hatua ya 1: Andika maswali. Kaa na mhasibu, meneja wa mikopo na dada wa mapokezi. Nani anaweza kutufanya tulipe akaunti isiyo sahihi? Mfumo wa mikopo ukifungwa na virusi vya kudai fidia, tunaweza kufanya kazi kwa siku ngapi? Nani anajifanya sisi kwa wanachama wetu? Maswali matatu au manne yanatosha, kila moja na mtu atakayelifanyia kazi jibu lake.

Hatua ya 2: Jua ulichonacho. Jedwali la Excel: kifaa, programu, toleo, nani anakisasisha. Anza na vinavyoonekana kutoka intaneti, yaani rauta, faiwoli (ukuta wa kuzuia wavamizi), VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje) na ukurasa wa kuingilia barua pepe.

Hatua ya 3: Chimba ndani kwanza. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, na ni bure.

Fungua anwani moja, mfano ripoti@ ya kikoa chenu (jina lenu la mtandaoni), ambako mfanyakazi atapeleka barua yoyote anayoitilia shaka. Aitume kama kiambatisho, asibonyeze tu kuisambaza, maana vichwa vya barua vinavyoonyesha ilikopitia hupotea. Kwa ujumbe wa simu wa "ile hela itume kwenye namba hii", chukua picha ya skrini na namba, kisha kwa Tanzania usambaze kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Dada wa mapokezi naye awe na daftari la simu za wanachama wanaouliza kama kweli ofisi imewapigia. Wanachama watatu wakilalamikia namba moja ndani ya wiki moja, hakuna kampuni ya nje ambayo ingekuuzia taarifa hiyo.

Kisha ingia kwenye logi, yaani kumbukumbu za mfumo za nani kaingia, lini na kutoka wapi. Tazama walioingia kwenye barua pepe kutoka nchi ambako hamna mtu, na majaribio mengi ya nywila yaliyofeli kisha moja likapita. Halafu kagua kanuni za kisanduku cha barua (maagizo ya kuhamisha au kufuta barua zenyewe zikiingia), jambo ambalo wengi hawaligusi. Mwizi akishaiba nywila ya mhasibu, mara nyingi huweka kanuni ya kuficha au kuelekeza kwingine kila barua yenye neno "ankara" au "malipo", kisha anasubiri muda wa kumlipa msambazaji ufike na kubadilisha namba ya akaunti. Ukikuta kanuni ambayo mwenye kisanduku haijui, acha ripoti ya Jumatatu na umpigie mhasibu sasa hivi.

Hatua ya 4: Vyanzo vichache vya nje. Matangazo ya TZ-CERT, kikosi cha taifa cha matukio ya usalama mtandaoni kilicho chini ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), au mwenzake KE-CIRT kwa Kenya. Orodha ya CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, iliyoanza Novemba 2021, ya udhaifu ambao tayari unatumiwa na wahalifu. Linganisha na jedwali lako. Tovuti ya Have I Been Pwned, ukithibitisha kuwa kikoa ni chenu, itakuonyesha barua pepe za ofisi zilizovuja. Kwenye crt.sh, tovuti ya kutafuta vyeti vya usalama vya tovuti, tafuta jina la taasisi, uone kama kuna aliyesajili cheti cha tovuti inayofanana na yenu.

Kuhusu masasisho: Microsoft walitoa marekebisho ya tundu la Windows Machi 2017, kisha WannaCry, virusi vya kudai fidia vilivyopitia tundu hilohilo, ikalipuka Mei 12 mwaka huohuo. Taarifa ilikuwepo kwa takriban miezi miwili.

Hatua ya 5: Pima, kisha andika nusu ukurasa. Kilichoonekana, kinatuhusu vipi, tuna uhakika gani, nani afanye nini na lini. Ulichokiona na unachokidhani vikae aya tofauti. Usihangaike kumtaja mhalifu. Mwaka 2013 mtaalamu wa usalama wa mtandao David Bianco alichora piramidi kueleza kwamba anwani ya IP mshambuliaji huibadilisha kirahisi, lakini mbinu zake za kazi humgharimu sana kuzibadilisha. Kwa hiyo andika mbinu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanza: Mkuu, tununue huduma ya kulipia?
Kama hatua ya 3 haijakaa sawa, hapana. Mtalipia taarifa za benki za Ulaya. Hata MISP, programu ya kukusanya na kushirikishana taarifa za vitisho ambayo ni bure, inahitaji mtu wa kuihudumia kila siku. Jedwali linatosha kwa sasa.

Nairobi: Kwetu ukisema umebonyeza kiungo unaandikiwa barua ya onyo. Nani ataripoti?
Hakuna. Mwambie meneja aondoe adhabu kwa anayejitokeza mwenyewe, na kila anayeripoti ajibiwe siku hiyohiyo, hata kwa "asante, ilikuwa salama". Pasipo majibu, ile anwani itakufa.

Dodoma: Naruhusiwa kusoma barua za wafanyakazi kwa ajili ya usalama?
Logi za kuingia na kanuni za kisanduku hazihitaji usome maudhui, na hapo ndipo ubaki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019. Ukaguzi uandikwe kwenye sera, wafanyakazi waijue kabla hujaanza, na mwanasheria aipitie.

Zanzibar: Nikipata namba ya tapeli, naweza kuwatumia SACCOS jirani?
Tuma, lakini bila majina ya wanachama wako, na uweke rangi za TLP (alama za kuonyesha nani aruhusiwe kuona taarifa): nyekundu ni kwa waliotumiwa tu, kijani ni kwa jumuiya yenu, isiwekwe hadharani. Waulize na wao wanaona nini. Tapeli aliyeanza kwao Jumatatu anaweza kuwa kwenu Jumatano.